Usikeshe Ukiusikiliza

Mjukuu wangu, swali lako nimelisikia: ubongo utapona, au ndiyo basi tena? Nimelichukulia kwa uzito kwa sababu najua linaulizwa saa ngapi. Haliulizwi mchana watu wakiwa wengi. Linaulizwa usiku, mtu amelala chali, nyumba nzima imenyamaza, na ndani ya kichwa kuna mluzi mwembamba usiokwisha. Nakuandikia wewe, lakini barua hii wasomee na wenzako wa karakana na wale mnaokesha nao kwenye vigodoro. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wamewahi kuusikia mlio huo. Hapo mtaani kwenu wapo pia, ila wanaona haya kusema wasije wakadhaniwa wamerukwa na akili.

Jibu langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta. Mlio wenyewe huenda ukaisha, huenda ukabaki. Ukiwa umeanza juzi baada ya kelele kubwa, mara nyingi hufifia ndani ya siku au wiki chache. Ukishapita miezi sita, uwezekano wa kubaki huwa mkubwa zaidi. Daktari mkweli hawezi kukuapia moja kati ya hayo mawili. Lakini mateso yanayoandamana nao, yaani usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, hasira kwa watu wasio na kosa na ile hofu kwamba maisha yameharibika ukiwa bado kijana, hayo hupungua, na kwa wengi huondoka kabisa. Kinachoyaondoa ni ubongo huohuo unaouhofia. Nimeyaona kwa wagonjwa, na nayaishi mwenyewe, kwa kuwa masikio yangu yote mawili yanalia hata ninapoandika hapa, na usiku wa jana nimelala vizuri.

Najua kuna mhudumu aliyekuambia "hakuna dawa, nenda ukazoee." Maneno hayo hayakuwa uongo, ila alikufukuza nayo. Mtu akiambiwa azoee bila kuelezwa ni nini kinachozoewa na kwa njia gani, anatoka pale akiwa na mlio na huzuni juu yake. Kaa basi nikueleze.

Kilichonifundisha mimi ni kwinini. Miaka ile niko wodini huku Tanga, malaria kali ikitibiwa kwa kwinini, tuliitia kwenye dripu ya glukosi tukaiacha itiririke polepole kwa saa nne, na kila baada ya saa nane dozi nyingine. Mgonjwa akishazinduka, siku ya pili hivi, jambo la kwanza kulisema mara nyingi halikuwa njaa wala maumivu. Alisema, "Sista, masikio yanavuma." Mmoja anasikia nyuki, mwingine anauliza mashine ya kusaga imewashwa wapi. Walikuwa wakiinamisha kichwa upande na kujipigapiga sikio kwa kiganja, wakitikisa. Wodi iko kimya, nyuki hakuna, mashine hakuna. Dawa ilikuwa imegusa sikio la ndani, basi. Tukiwaeleza hivyo na kuwaambia kwamba dozi ikiisha mvumo nao utaisha, walijilaza wakatulia. Mvumo ulikuwa bado upo kwa nguvu ileile, lakini hofu ilikuwa imewatoka, na yule aliyetokwa na hofu aliweza kulala. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya atesuneti kwa malaria kali, watoto kwa watu wazima, kwa hiyo kizazi chenu hakikuonja habari hiyo. Sisi tumeionja.

Kwa wagonjwa wa kifua kikuu mambo yalikuwa mazito zaidi. Sindano za streptomaisini, na baadaye kanamaisini kwa wenye kifua kikuu sugu, ziliokoa maisha, lakini baadhi yao ziliwaachia mlio usioondoka pamoja na usikivu uliopungua. Mwaka 2019 mwongozo wa dunia ukashauri kanamaisini isitumike tena. Kati ya wagonjwa wa kwinini na wale wa kanamaisini ndipo penye jibu la nusu ya swali lako: seli za sikio zilizoleweshwa huzinduka, zilizokufa hazirudi.

Seli zenyewe ziko ndani kabisa, kwenye mfereji uliojikunja unaoitwa koklea. Ni kama 15,000 tu kwa kila sikio, kila moja ina vinyweleo kichwani, na vinyweleo hivyo vikitikiswa na sauti ndipo neva inapopeleka habari ubongoni. Idadi uliyozaliwa nayo ndiyo utakayoishi nayo. Kuku wanaoparua hapa uani kwangu wana neema tusiyo nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waligundua kwamba seli hizo zikiharibiwa na kelele, kwa ndege huota upya. Kwa binadamu haijawa hivyo. Kampuni moja ya huko huko Marekani ilihangaika na dawa ya kuziotesha, watu wengi wakaweka matumaini, na mwaka 2023 jaribio lake likashindwa. Watafiti hawajakata tamaa, na mimi nawaombea, lakini wewe usiyasimamishe maisha yako ukiwasubiri.

Sasa ubongo. Kelele za vyuma, kama zile za karakanani kwenu, huanza kuua zile seli zinazopokea sauti nyembamba za juu. Ubongo ukiona sauti hizo hazifiki, haukubali kukaa hivihivi. Unaongeza nguvu ya kupokea upande ule uliopungukiwa, na katika kuongeza unaanza kuusikia mtetemo wa neva zake wenyewe, ambao siku zote upo, ila ulikuwa mdogo usiofaa kujaliwa. Ndiyo maana mlio wako ni mwembamba na si mzito: umetokea palepale usikivu ulipotoboka. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichoingia sauti yoyote, wakawauliza wanasikia nini. Asilimia 94 walisikia kitu: mvumo, mluzi, kengele. Watu wazima wa afya, na si wagonjwa! Basi usijihesabu kuwa una ubongo mbovu. Ubongo wako unatafuta kilichopotea, na unakitafuta kwa bidii iliyopita kiasi.

Hadi hapo nimeeleza mlio. Sijaeleza mateso, nayo ni mambo mawili. Wako watu wenye mlio mkubwa wasioujali, na wako wenye mlio mdogo mno ambao umewafanya waache kazi. Ukiwapima wote kwa vyombo, ukubwa wa mlio haukuambii nani anateseka zaidi. Hilo lilimshughulisha sana mtafiti Pawel Jastreboff, ambaye mwaka 1990 alieleza kwamba tatizo haliishii kwenye njia ya kusikia. Linashikana na ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari. Sauti ikishaandikwa humo kuwa ni hatari, ubongo hauiachi. Utaifuata hata ukiwa usingizini.

Muuguzi wa zamu ya usiku anaijua kazi hiyo ya ubongo vizuri. Ukisinzia kwenye kiti katikati ya wodi ya watu thelathini, kuna wanaokoroma, kuna kitanda kinacholia kila mtu akijigeuza, jenereta inanguruma nje, na husikii lolote kati ya hayo. Mgonjwa mmoja wa kona akibadilisha namna ya kupumua, umeshasimama. Masikio yalipokea vyote kwa usawa. Ubongo ndio uliochagua. Na uchaguzi huo hufundishwa. Muuguzi mgeni huamshwa na kila kitu. Baada ya muda anaamshwa na kile tu kinachomhusu. Hivyo ndivyo ubongo unavyopona mlio, mjukuu wangu. Unauhamisha kutoka kwenye yale yanayokuhusu na kuuweka kwenye yale yasiyokuhusu. Siku moja utagundua umekaa saa nzima unaongea na rafiki na hukuwahi kuusikia, kumbe ulikuwepo.

Kwa sababu hiyo kuna jambo moja nakukataza kwa ukali kuliko yote: acha kuukagua. Najua unavyofanya. Ukiamka, kabla ya kufumbua macho, unasikiliza kama bado upo. Unaziba masikio kwa vidole kulinganisha kushoto na kulia. Unaingia chooni ufunge mlango ili uupime. Saa nane usiku uko kwenye simu unasoma habari za watu walioteseka miaka ishirini. Kila ukifanya hivyo unauambia ubongo kwamba jambo hili ni la hatari, uendelee kulinda zamu. Nao unakutii. Hata lile swali la "nitapona lini" liulize kwa daktari, ujibiwe, kisha uliache. Likiulizwa kila usiku linageuka kuwa ukaguzi.

La pili, usikimbilie ukimya. Vijana wengi mkishaogopa mnavaa viziba masikio mchana kutwa, hata sebuleni, hata sokoni. Sikio likinyimwa sauti za kawaida, ubongo unazidi kuongeza nguvu na mlio unapanda. Sauti kubwa zikimbie, sauti za kawaida zikaribishe: watu, redio ya chini, vyombo jikoni, mvua. Usiku washa pangaboi, au weka redio kwa sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba mlio wako bado unasikika kidogo chini yake. Usiufunike kabisa, kwa maana ubongo hauwezi kuzoea kitu usichoupa nafasi ya kukisikia. Pata saa maalumu ya kulala. Kahawa ya jioni iangalie kama inakukosesha usingizi; kama haikukoseshi, kunywa kahawa yako kwa amani.

Na penye tiba ya mazungumzo, nenda. Ile inayofundisha mtu namna ya kuzishika fikra zake na kubadilisha mwenendo wake ndiyo yenye ushahidi kuliko nyingine. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliokusanya majaribio 28 yenye watu zaidi ya 2,700 ulionyesha kwamba inaweza kupunguza adha ya mlio maishani mwa mtu. Mlio haukunyamaza, watu walirudi kuishi. Wataalamu wa namna hiyo kwetu ni wachache, lakini hospitali kubwa zina wanasaikolojia, na ukikosa, tafuta mtu mmoja mwenye subira umweleze yote badala ya kuyabeba peke yako.

Usihesabu kwa siku. Hesabu kwa miezi. Utapata wiki nzuri, kisha usiku mmoja wa mafua au mawazo mlio upande, na utasema yote yamerudi mwanzo. Hayajarudi. Mwili ukichoka mlio hupanda, mwili ukipumzika hushuka, na kazi uliyokwisha kuifanya haifutiki kwa usiku mmoja.

Kuhusu wanaouza tiba, sina maneno laini. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu saumu na vijiti vya pamba visiingie sikioni mwako. Nimesafisha masikio ya watu waliojitoboa ngoma kwa njiti ya kiberiti wakitafuta nta. Vidonge vya majani ya ginko vinavyouzwa kwa bei ya mshahara, chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kilishauri tangu 2014 visipendekezwe kwa mlio huu. Huku kwetu utaambiwa pia ni jini amekaa sikioni. Sitagombana na imani ya mtu, lakini wewe unasikia mluzi, husikii maneno. Anayesikia sauti za watu wakimsemesha au kumwamuru ana shida nyingine, nayo inatibika hospitali. Mluzi ni wa sikio na neva. Fedha ya mbuzi wa mganga iwe nauli ya kliniki.

Kipo kifaa kipya cha Ireland, Lenire, kinachotekenya ulimi kwa umeme mdogo huku masikio yakisikilizishwa sauti, ambacho Marekani ilikiidhinisha mwaka 2023. Kimewapunguzia adha baadhi ya watu. Ni bei kali na kwetu hakijawa cha kawaida, kwa hiyo nakitaja tu ujue ubongo unafundishika hata kwa njia ambazo sisi wa zamani hatukuziota.

Kazi yako sasa. Sikuambii uiache, maana ndiyo inayokulisha na inamsaidia mama yako. Nakuambia seli zilizobaki ni zako na hakuna anayekuuzia nyingine. Kipimo wanachotumia wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zikiongezeka 3 tu, muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, ulichobakiwa nacho ni dakika 15 kwa siku nzima. Grenda ikikata nondo inafika huko bila shida. Kama huna chombo cha kupimia, tumia hiki: mtu yuko umbali wa mkono wako na unalazimika kupaza sauti ili akusikie, basi pale pana madhara.

Pamba ya dukani haizuii kitu cha maana. Tafuta viziba masikio vya sponji, bei yake ni ndogo, lakini wengi wanavivaa vibaya vikawa pambo. Nawa mikono kwanza. Kisokote kwa vidole kama unasokota utambi hadi kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nyuma ili tundu linyooke. Kiingize chote, kisha kishikilie kwa kidole hadi kifutuke na kujaa. Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito kichwani, umekivaa sawa. Kwenye kukata na kupiga nyundo ongeza na vile vya kufunika sikio zima juu yake. Na eafoni karakanani sitaki kuzisikia. Ukiziweka wakati grenda inafanya kazi, unaongeza muziki ili uishinde grenda, na masikio yanapigwa mara mbili. Nje ya kazi, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwenye singeli cheza, ni ujana wako, ila usisimame mbele ya spika, na baada ya muda toka nje kidogo masikio yapumue.

Sasa sikiliza haya, kwa kuwa mengine yote yanaweza kusubiri na haya hayasubiri. Usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla, ndani ya siku moja mbili tatu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kuna vidonge vinavyoweza kusaidia na kila siku inayopita inapunguza nafasi. Mlio ukiwa upande mmoja tu, au unadunda sawasawa na mapigo ya moyo, au unaandamana na kizunguzungu kikali, usaha, au uso kulegea upande mmoja, uchunguzwe vizuri, maana nyuma yake kunaweza kuwa na uvimbe au tatizo la mishipa. Na ikitokea siku umewaza kwamba heri kufa kuliko kuishi na mlio, usilale na wazo hilo peke yako. Nipigie, saa yoyote, na asubuhi twende hospitali wote. Wapo vijana waliofika hapo wakarudi, na leo wanaishi vizuri.

Anza na hospitali ya wilaya. Wakutazame kwa taa ndani ya sikio kwanza, kwa kuwa mara nyingine ni nta imegandamana na ikitolewa mlio unaondoka nayo. Wakupime na shinikizo la damu. Kisha waombe rufaa ya kipimo cha usikivu kwa daktari wa masikio, pua na koo. Muhimbili, KCMC na Bugando wanao. Usikivu ukionekana umepungua, usikatae shimesikio, yaani kile kifaa cha kusaidia kusikia, kwa kuona ni la wazee. Likirudisha sauti zilizopotea, ubongo unapata cha kusikiliza na mlio hupungua kwa wengi.

Siku ya kwenda, andika kwenye karatasi mlio ulianza lini, sikio gani, unadunda au haudundi, na ulikuwa unafanya kazi gani wiki ile. Beba maboksi ya dawa zote ulizomeza miezi ya karibuni, hata za maumivu ulizonunua mwenyewe dukani, kwa sababu asprini nyingi nayo huliza masikio, na hiyo huisha ukiiacha. Na yule kijana mdogo anayejifunza kazi kwako, uliyeniambia kwamba siku hizi kila ukimwita anaitika "eeh?" mara mbili, nenda naye apimwe siku hiyohiyo. Nauli yake nitakutumia mimi.